Neno Moja kwa Mbuzi na kwa Raia

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika mazungumzo yetu bila kubisha hodi, liko moja la herufi tatu tu: "vet". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulifahamu kuwa ni daktari wa mifugo. Msomaji wa magazeti hulifahamu kuwa ni ile kazi ifanywayo na wabunge pindi Rais anapoteua mawaziri. Mtazamaji wa filamu za Kimarekani hulisikia akitajiwa askari mstaafu aliyerudi kutoka vitani. Lakini sidhani kama kuna mahali pengine katika Kenya ambapo maana za neno hili zimeishi karibu karibu kama zilivyoishi Wajir na wilaya jirani za Kaskazini Mashariki. Huko, kwa miaka mingi, neno hilo hilo limetajwa penye zizi la mbuzi na penye meza ya kuombea kitambulisho.

Nakusudia leo kulichambua neno hili. Sifanyi hivyo ili kuonyesha ujuzi wa Kiingereza, bali kwa sababu naamini kwamba neno tunaloipa kazi fulani hutuamulia mapema jinsi tutakavyomtazama yule anayefanyiwa kazi hiyo. Walimu na wanafunzi, ambao maneno ndiyo riziki yao, hawana budi kulitambua jambo hili kabla ya watu wengine.

Tuanze na asili. Warumi wa kale walikuwa na neno la kuwataja wanyama wa kubeba na kukokota mizigo, na kutokana na neno hilo Waingereza walipata "veterinary", yaani mambo ya utabibu wa wanyama. Katika karne ya 19 walimfupishia daktari huyo jina, akawa "vet". Yule askari mstaafu wa Kimarekani jina lake limetoka kwa neno la Kilatini lenye maana ya mzee, ingawa wapo wataalamu wanaoamini kwamba maneno haya mawili ni ya ukoo mmoja.

Baada ya kulipata jina, Waingereza walilifanya kuwa kitenzi. Kum-"vet" farasi kulikuwa kumwita daktari amkague kabla hajanunuliwa au kuingizwa mashindanoni: amtazame meno, ampapase kwato, amsikilize pumzi. Muda si muda kitenzi hicho kilihamishiwa kwa wanadamu, na hapo mwanzo kilikuwa na ladha ya mzaha. Rudyard Kipling ni mmoja wa waandishi wa mapema waliokitumia hivyo. Mwaka 1904 alikitumia kwa askari. Mzaha ukasahaulika, kitenzi kikabaki. Katikati ya karne ya 20 serikali ya Uingereza ilikuwa ikikitumia rasmi kwa uchunguzi wa watumishi wake waliokabidhiwa siri za dola.

Kwetu Kenya, neno hilo lilishika kasi baada ya Katiba ya mwaka 2010. Mwaka 2011 iliundwa bodi ya kuwachunguza majaji na mahakimu waliokuwa kazini. Mwishoni mwa mwaka 2013 ikawa zamu ya makamanda wa polisi. Mawaziri nao sharti wafike mbele ya kamati ya Bunge waulizwe juu ya elimu yao, mali yao na mwenendo wao. Wananchi waliyafuatilia mahojiano hayo kwenye televisheni, na magazeti ya Kiswahili yakapata msemo wa kupendeza: walioteuliwa "wanapigwa msasa".

Hata hivyo wakazi wa Wajir hawakulingoja neno hili hadi mwaka 2010. Walilijua zamani, na kwa maana zake mbili.

Tuitazame kwanza maana ya mifugo. Wajir ni nchi ya wafugaji. Ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio benki, ndio mahari, ndio karo ya shule. Kwa hiyo daktari wa mifugo si mgeni wala si mtu wa kupuuzwa. Katika eneo hili na katika nchi jirani ya Somalia ndiko ugonjwa wa sotoka ya ng'ombe ulikojificha mara ya mwisho duniani, baada ya kuangamiza mamilioni ya wanyama wa Afrika tangu miaka ya 1890. Kisa cha mwisho kilichothibitishwa kiligunduliwa mwaka 2001 kwa nyati katika Mbuga ya Wanyama ya Meru, na mwaka 2011 mashirika ya kimataifa yakatangaza kwamba sotoka imekwisha ulimwenguni. Ushindi huo haukuletwa na madaktari wa ofisini peke yao. Ulisaidiwa na wafugaji waliofunzwa kuchanja na kutambua dalili. Wahudumu wa aina hiyo waliofunzwa Wajir waliitwa na wenyeji "daryeele", neno la Kisomali lenye maana ya mtunzaji. Tuyalinganishe basi majina haya mawili. Kiingereza kilimtazama mtu huyu kama mkaguzi, nacho Kisomali kilimwona kama mtunzaji.

Ukaguzi wa mifugo una taabu zake. Wakati wa ukoloni, mifugo ya iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilizuiwa kwa karantini kwa muda mrefu isiteremke bara, ili isiwaambukize ng'ombe wa masetla. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa mwaka 2006 na kuua zaidi ya watu 100 nchini, masoko ya mifugo ya Kaskazini Mashariki yalifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku. Ugonjwa huo ulirejea Wajir mwaka 2018. Wafugaji walipata hasara kubwa, lakini hakuna mwenye akili aliyesema kwamba uchunguzi wenyewe haukuwa na maana. Daktari alikuwa na jina la ugonjwa anaoutafuta. Alikuwa na kipimo. Jibu lilikuwa ndiyo au la. Na mara maradhi yalipokwisha, soko lilifunguliwa.

Sasa tuigeukie maana ya pili. Mkenya wa Nyeri, Kisumu au Machakos akitimiza miaka 18 huenda kwa msajili na cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi wake, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akangojea. Kwa kijana wa Wajir, Mandera au Garissa kulikuwa na hatua moja zaidi. Alifika mbele ya kamati ya machifu, wazee na maofisa wa usalama, ambao walimuuliza ni wa ukoo gani, babu yake alizikwa wapi na mama yake alitoka kisima kipi. Kamati hizo hazikuwa zikikaa kila siku. Aliyetoka mbali na kuwakosa alirudi siku nyingine. Aliyekosa karatasi ya mzazi aliyefariki aliambiwa akaitafute. Hatua hiyo iliitwa "vetting".

Haikuzuka ghafla. Tangu sheria za mwaka 1902 na 1934 utawala wa kikoloni uliligeuza eneo la kaskazini kuwa nchi ya pekee, isiyoingiwa wala kutokwa ila kwa kibali. Uhuru ulipokuja, hali ya hatari ilitangazwa huko Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya bendera kupandishwa, na sheria zake hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Na katikati ya kipindi hicho, Novemba 1989, serikali iliamuru kwamba Wakenya wote wa asili ya Kisomali waliotimiza miaka 18 wafike wachunguzwe upya uraia wao, hata wale waliokuwa na vitambulisho mifukoni. Waliopita walipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, ambayo hakuna kabila jingine lililotakiwa kuwa nayo. Mwalimu, daktari, askari, wote walisimama foleni.

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ni methali ya haki: mgeni hutambuliwa kwa alama yake mpaka azoeane na wenyeji. Lakini hapa kamba ilifungwa mguuni mwa kuku aliyeanguliwa nyumbani, na vifaranga wake, na vifaranga wa vifaranga wake.

Tuyapime basi maana mbili za neno hili kwa kipimo kimoja. Mbuzi anapokaguliwa, hutafutwa ugonjwa. Haulizwi babu yake alichunga wapi. Kijana alipokaguliwa hakuwa na jina la ugonjwa aliotuhumiwa kuwa nao, isipokuwa kuzaliwa. Mbuzi akishaonekana mzima hupewa hati na kupita. Kijana aliyepita mwaka fulani hakuwapitisha ndugu zake waliomfuata, kwani mwana wa baba huyo huyo na mama huyo huyo alianza upya. Mifugo ya Wajir ilipokwisha kuondokewa na sotoka, dunia nzima ilitangaziwa. Ni nani aliyewahi kuwatangazia vijana wa Wajir kwamba shaka juu yao imekwisha?

Wapo waliopatwa na jambo zito zaidi. Miaka ya ukame, baadhi ya familia za Wakenya zilijiandikisha kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 huko Garissa, ili watoto wao wapate mgawo wa chakula na matibabu. Watoto hao walipokua na kuomba vitambulisho, alama za vidole vyao zilikutwa katika orodha ya wakimbizi. Maelfu yao walikwama hapo kwa miaka, nao hawakuwa wakimbizi wala hawakuhesabiwa kuwa raia. Njaa ya utotoni iliwageuza wageni.

Mwalimu wa sekondari anajua maana ya hayo kuliko mtu mwingine yeyote. Mwanafunzi wake amefaulu mtihani wa kidato cha nne. Bila kitambulisho, mtu mzima hafungui akaunti ya benki, hasajili simu, haombi mkopo wa masomo ya juu kwa urahisi, hapati ajira rasmi, hapigi kura, na kizuizi cha polisi barabarani kwake ni ukuta. Mwalimu amefundisha miaka minne, na mavuno yakakwama mezani kwa kamati.

Najua kuna msomaji aliyekwisha kukunja uso. Atasema: je, usalama? Mpaka wetu na Somalia ni mrefu, na damu iliyomwagika si ya hadithi. Mwezi Novemba 2014 abiria 28 walitolewa ndani ya basi karibu na Mandera wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao likizoni. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwezi Februari 2018 walimu waliuawa katika shule ya msingi ya Qarsa, hapo hapo Wajir. Siwezi kuwaandikia walimu na wanafunzi nikayapita mambo haya kama kwamba hayakutukia. Serikali ina wajibu wa kujua ni nani apewaye hati zake, na vitambulisho viliwahi kuuzwa kwa wasiostahili.

Lakini swali ni hili: je, mizani hiyo ilipima kilichokusudiwa? Mmoja wa washambulizi wa Garissa alitambuliwa kuwa kijana Mkenya, mhitimu wa sheria katika chuo kikuu cha Nairobi, na mwana wa chifu. Ukoo wake ulijulikana na makazi ya babu yake yalijulikana. Hakuna kamati ya nasaba ambayo ingemzuia, kwa sababu nasaba yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika alilolitenda. Na yule ofisa aliyekubali hongo kwa ajili ya kitambulisho hakuzuiwa na wingi wa wazee mezani. Kila meza iliyoongezwa ilikuwa mlango mwingine wa kubisha kwa noti. Mhalifu hutafutwa kwa ushahidi wa uhalifu wake. Ukimtafuta kwa kuwachuja watu wa kabila zima, utawachosha wasio na hatia, na yeye utampita njiani.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kutusaidia, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja la kubeba mizigo yote hii. Kina maneno mengi, na kila moja lina tabia yake.

Tuna kukagua, ambako hufanyiwa vitu na hesabu: mzigo bandarini, vitabu vya fedha, gwaride. Tuna kuchuja, ambako ni kupitisha tui au chai katika kichujio, kinachofaa kikapita na makapi yakabaki. Tuna kuchekecha, kwa nafaka na unga. Tuna kusaili, yaani kumuuliza mtu maswali naye akajibu. Tuna kupiga msasa. Msasa asili yake ni mmea wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya kuwako karatasi ya dukani. Anayepigwa msasa hutarajiwa atoke aking'aa. Na tuna kuhakiki.

Tangu mwaka 2010 vyombo vyetu vya habari vimetumia msemo wa msasa kwa waziri mteule na kwa kijana wa Wajir bila kutofautisha. Mimi naona si sawa. Waziri anaomba cheo. Cheo si haki yake, ni amana ya umma, na umma una haki ya kumsugua mpaka ajulikane ubao wake ni wa mti gani. Kijana anayeomba kitambulisho haombi cheo. Ibara ya 12 ya Katiba inasema kwamba kila raia anastahili haki na manufaa ya uraia, pamoja na pasipoti na hati yoyote ya utambulisho itolewayo na Serikali kwa raia. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila. Kwa hiyo kijana anadai kilicho chake. Ukimwambia anapigwa msasa, umekwisha kumwambia kwamba hajakamilika. Na ukimwambia anachujwa, umemwambia huenda akawa ni makapi.

Neno linalomfaa ni kuhakiki. Wanafunzi wa fasihi walijua neno hili kabla ya maofisa wa usajili, kwani ndilo walitumialo wanapochambua riwaya na tamthilia. Mhakiki mwema haanzi na chuki kwa mwandishi wala haulizi kabila lake. Huanza na matini iliyo mbele yake, hutoa ushahidi kutoka humo, na hukumu yake huweza kupingwa kwa ushahidi mwingine. Zaidi ya hayo, shina la neno ni lile lile la Kiarabu lililotupatia "haki" na "hakika". Anayehakiki hutafuta hakika ili haki itendeke. Uhakiki wa uraia ungekuwa hivi: karatasi zile zile zinazodaiwa Nyeri zidaiwe Wajir; jibu litolewe kwa muda uliowekwa na kwa maandishi; anayekataliwa aambiwe sababu na mahali pa kukata rufani. Si Wasomali tu wanaohitaji hayo. Wanubi wa Kibera nao walipambana na kamati kama hizo kwa vizazi, mpaka mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto ikaamua kwamba Kenya ilikuwa imewadhulumu watoto wao.

Tarehe 5 Februari 2025, akiwa huko huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa uchunguzi huo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Wenyeji walishangilia. Wengine nchini walilalamika kwamba mlango umeachwa wazi, na shauri likapelekwa mahakamani mwezi huo huo. Mimi nililipokea tamko hilo kwa furaha, lakini kwa furaha ya mtu aliyeishi na maneno muda mrefu. Kadi ya waridi nayo haipo tena, hali mazoea yaliyoizaa yalidumu miaka mingi baada yake, chini ya jina jingine. Neno linaweza kufutwa kwenye karatasi Jumatano, na Alhamisi likarudi ofisini limevaa kanzu mpya: mara "uthibitisho", mara "utambuzi wa ziada", mara "mahojiano mafupi". Kwa hiyo tusitazame jina la meza. Tutazame ni nani anayetakiwa kuketi mbele yake, na ni nani asiyetakiwa.

Ningependa basi walimu wa Kiswahili, popote walipo, walifanye jambo hili kuwa zoezi la darasani. Waandike ubaoni kagua, chuja, chekecha, saili, piga msasa na hakiki. Kisha wawaulize wanafunzi: ni lipi utalitumia kwa shehena ya mahindi, ni lipi kwa waziri, ni lipi kwa mbuzi wa kupelekwa sokoni, na ni lipi kwa jirani yako aliyetimiza miaka 18? Wawaache wabishane. Mwanafunzi wa Murang'a atakayejifunza kwamba mwenzake wa Habaswein hakaguliwi wala hachujwi, bali hati zake huhakikiwa kama zinavyohakikiwa zake, huyo siku atakapoajiriwa katika ofisi ya usajili atakuwa na sababu ya kufikiri kabla ya kusema "njoo wiki ijayo".

Kwa upande wa daktari wa mifugo, jina lake na limbakie, nasi tumtakie heri. Kazi yake Wajir haijaisha. Iko sotoka ya mbuzi na kondoo, iko homa ya mapafu, na ukame haukosi kurudi. Aende na chanjo zake zizini, awachunguze ngamia na mbuzi kwa uangalifu wote ambao elimu yake inamruhusu. Kijana wa Wajir yeye na aende kwa msajili na karatasi zake kama Mkenya mwingine yeyote, apigwe picha, atie vidole kwenye wino, na kupewa tarehe ya kurudi kuchukua kitambulisho chake.